Siku Tuliyomcheka Jepkorir

Chebet wangu,

Huku Munyaka tuko salama, ila Kibet anaota meno na mimi silali. Umeniuliza kwa nini mwalimu alikukosoa kwa kalamu nyekundu ulipoandika "I am wanting". Maneno kama want, know na love ni ya hali, si ya kazi inayoendelea. Sema "I want", basi.

Hilo nililijua mapema, na ndilo linaloniuma. Nilipokuwa shuleni kule Kaptagat, mwenzangu Jepkorir alisimama darasani akasoma insha: "I am wanting to be a nurse." Mwalimu akasema tumpigie makofi ya kilo, yale ya kumsifu darasa zima kwa pamoja. Mimi nikapiga kelele, "Sista Wanting!" Darasa zima likacheka, na jina likamganda. Hakusoma tena mbele yetu. Mwaka uliofuata akaacha shule.

Juzi nilimkuta sokoni akiuza mboga. Akamgusa Kibet kwenye paji la uso. "Huyu ana joto, Mama Kibet. Mnyonyeshe mara kwa mara." Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nikaongea juu ya mvua mpaka tukaagana.

Sahihisha hiyo sentensi, mama. Halafu uniandikie yote, maana hukuniambia ni nini unachotaka.

Shangazi yako