Lowri amemtetea aliyemsukuma Emrys

“Uliniambia mjomba alianguka mwenyewe!” Lowri kanifokea jikoni sasa hivi, Nerys.

Unajua yuko mwaka wa maandalizi chuoni, anasoma sheria na uhalifu. Leo darasani wameigiza kesi ya kweli, majina yamefichwa. Yeye kawa wakili wa mshtakiwa. “Hakukusudia kuua, alimsukuma tu.” Kashinda! Wenzake wakampigia makofi.

Ndipo mwalimu akataja jina halisi la marehemu. Emrys Pritchard. Kaka yangu, Nerys!

“Nimemtetea aliyemuua mjomba, mama. Tena nimemtetea vizuri.”

Tena vizuri. Hayo maneno hayanitoki kichwani.

Anasema chuo basi. Nimemwambia, “Huachi chochote. Vaa koti.” Tumeshaingia garini, tunakwenda kaburini. Huko nitamweleza yote niliyomficha, mbele ya Emrys.