Ngoma katika Mukono wa Kushoto

Nchelenge, Jumamosi, Agosti 1999

Bado ninacheka. Ba Chanda, mupiga-ngoma wetu, alikwama Kilwa, ng'ambo ya ziwa, moteri ya mashua yake imekufa, na harusi ya dada yangu Odette ilikuwa leo. Mimi napiga kinanda tu; niliogopa kumuaibisha dada.

Ordinatere, ile kompyuta ya parokia, iko na programu mbili za muziki, moja ya ngoma, moja ya kinanda. Klavie, ile ya vibonye vya kupigia muziki, ni moja tu. Nikaigawanya: kushoto ngoma, kulia kinanda. Kwanza, kila nikigusa, zote zikajibu pamoja, makelele matupu! Nikarekebisha tena mpaka zikatii.

Batu wakacheza sana. Mama mukwe wa Odette akanikaribia.

«Mupiga-ngoma iko wapi?»

«Ni huu mukono wa kushoto, mama.»

Akaukamata kwa furaha, akaubusu. Ngoma zikanyamaza.

«Mama, achilia!» batu wote wakapiga kelele, na Odette zaidi ya wote.