Mukono Yangu Haijafunguka

Mama Chola, muke yangu mupendwa,

Nakusalimia kutoka huku Lubumbashi. Homa ya Chola ilimutoka? Na mama yangu, magoti ingali inamusumbua? Usishangae kuona maandiko inapindapinda, naandika na mukono ya kushoto.

Ya kuume iliumia mu atelie, pale nafanya kazi ya chuma. Tulikuwa tunabeba tole, bati kubwa ya chuma, na mwenzangu, ikateleza, ikanikata chini ya kiwiko, upande ya inje. Kidonda ilipona mbio, lakini bidole ikalala. Kukamata naweza. Kufungua mukono siwezi. Nikitaka kikombe, nanyoosha kwanza bidole na mukono ingine.

Doktere alinichorea na kalamu juu ya ngozi. Nyama ya kufunga bidole iko upande ya kiganja, nyama ya kuifungua iko kwa mugongo ya mukono. Akasema: "Situayen, ndugu yangu, nyama yako iko muzima. Musipa yenye kuiletea amri njo ilikatika. Nimeishona, inaota tena polepole. Lakini usipofanya mazoezi, bidole itakauka vile imejikunja."

Basi nikavumilia, mupaka mama Ngosa, yule anauzisha samaki yenu hapa Katuba, aliniletea habari. Nikamuuliza nani anaendesha mutumbwi yangu sasa.

"Kunda, mudogo yako," akasema. "Anatengeneza na nyavu. Chola anamufuata kila pahali. Muke yako anasema ule kijana iko na mikono muzuri."

Mama Chola, ile neno ilinichoma. Kunda, ni mimi nilimufundisha kufunga fundo ya kwanza. Niliacha mazoezi, sikula vizuri. Kisha nikafunga bintu yangu, nikaenda kupanda kamio, lori ya kurudi kwetu Kasenga. Nilitaka nifike bila kusema, nione mwenyewe munakaa namna gani.

Kupanda kamio, bidole haikufunguka kushika chuma. Nikajaribu tena, bantu banangoja nyuma yangu. Mwanamume mumoja akanishika kiuno anisukume juu, kama muzee. Nikashuka. Nikawaza: nifike hivi, nisimame karibu ya Kunda, na wewe unatuangalia wote wawili? Hapana.

Nikarudi kwa doktere. Hakunigombeza. Akalaza mukono yangu juu ya meza, akasema: "Inua." Kidole ya katikati ikainuka kidogo, ikaanguka. Nikainua tena, ikakubali.

"Musipa imefika pale," akasema. "Kidole gumba itakawia."

Kwa hiyo nabaki. Lakini wivu haijaisha, nisikudanganye. Muachie mama mutoto, upande kamio na mama Ngosa, ukuje unikande huu mukono wewe mwenyewe. Na uniambie kwa kinywa yako kama ile neno ulisema kwa kucheka ao kwa kweli.

Salimia mama. Salimia baba mukwe, na dada yako muke ya seremala. Kunda naye umusalimie, umwambie asante kwa kulisha nyumba yangu. Lakini wavu yangu mupya, ile ya buluu, asiiguse. Hata mimi sijaitupa mu maji.

Bwana yako,
Baba Chola