Tawi la Baba

Kaka Bhekumuzi,

Hatujambo, mbuzi kazaa pacha. Makaburu walibomoa nyumba yetu, lori likatubwaga huku kwenye vumbi na vibanda vya bati. Eti ndiyo nchi yetu Wazulu.

Mama alikuja na lile tawi la kuchukulia roho ya Baba kutoka kaburini. Si unajua, anayelibeba haongei na mtu mpaka amfikishe marehemu nyumbani. Karani wa kugawa vibanda, Mzulu mwenzetu, akamfokea: "Jina lako, bibi! Umekatwa ulimi?" Kimya. Akaandika kwamba Mama hajafika, akamnyima kibanda.

Wiki ya tatu sasa namsihi, "Mama, tumeshafika, weka tawi chini." Anatikisa kichwa tu.

Nilimlaani sana yule karani, Kaka. Kumbe kaandika kweli.

Dada yako,
Hlengiwe