Dawa Nyingine

Jumatatu, 4 Machi

Msaidizi. Nalirudia neno hili nione kama litapungua uchungu. Halipungui. Msaidizi! Mimi niliyepanda juu ya meza ya bwalo muhula uliopita nikadai maji safi ya mabweni, na maji yakatoka. Mimi ninayeitwa Kipaza na marafiki na maadui vilevile. Leo nimepangiwa kuwafunga watu mkanda wa presha na kumsomea mwanafunzi mwenzangu Asali namba aziandike.

Utafiti ni wake. Vidonge vya kitunguu saumu kwa watu wenye shinikizo la damu: nusu yao wanameza kitunguu chenyewe, kilichokaushwa na kusagwa, nusu wanameza wanga mtupu — danganya toto, kama tunavyouita hapa idarani. Mfamasia ndiye anayefunga makopo, na ni yeye pekee ajuaye nani amepewa nini. Wote wanaendelea na dawa zao za hospitali; kitunguu ni nyongeza tu. Safi. Rahisi. Hata mtoto angeliwaza hilo! Makopo yamekwisha kugawiwa, msaidizi wa kwanza ameacha, na mimi ndimi kiraka.

Utafiti niliopendekeza mimi ulikuwa mkubwa zaidi: usingizi, matembezi, chumvi, mboga za majani, haki ya mfanyakazi kupumzika! Profesa aliurudisha mezani akivua miwani. Akasema nina hoja nyingi, swali sina.

Swali sina!

Asali alicheka — si kwa ubaya, na ndilo linaloniudhi. "Usinune, Kipaza. Chumba cha vipimo hakina mwangwi, utapumzisha koo."

Asali! Aliyempa jina hilo hajawahi kukaa karibu naye ametoka kusaga vitunguu.

Jumatano, 6 Machi

Chumba cha vipimo. Viti vya plastiki, feni inayolalamika, pazia lililokosa ndoano mbili. Watu wakaja: fundi cherehani, mlinzi wa lango, mwalimu mstaafu — na Shangazi. Shangazi yangu! Dada yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki, anayeniita "binti yangu" mbele ya watu na mbele ya Mungu. Nimemwomba mara ngapi apunguze chumvi? Nimemweleza figo, nimemweleza mishipa, nimemchorea moyo kwenye bahasha. Alisinzia. Asali alimwomba mara moja tu ajiunge na utafiti, walipokutana dukani, na huyo amekuja, tena amevaa viatu vya kutokea.

"Huyu ndiye daktari wetu," aliwaambia wenzake. Na Asali hakusahihisha! Daktari wa wapi? Shahada ya kwanza yenyewe hajamaliza. Akatabasamu tu na kuweka sawa kola ya koti lake jeupe.

Kisha Shangazi akamshika kidevu. "Binti yangu, umekonda. Unakula kweli?"

Binti yangu.

Mkanda uliofuata niliufunga kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. "Taratibu, mama," alisema fundi cherehani, "mkono huo ndio unaolisha nyumba."

Jambo la kuandika. Ukimfunga mtu mkanda huna budi kuinama, na ukiinama unapumuliwa usoni. Fundi cherehani: kitunguu. Mlinzi: kitunguu, ewe Mola, kitunguu! Mwalimu mstaafu: hakuna. Shangazi: hakuna — sabuni na chai tu, harufu yake ya miaka yote.

Niliinuka polepole. Siri anayoitunza mfamasia inatoka vinywani mwa watu! Mwenye pua anajua nani amepewa nini, na wenyewe wanaocheua wanajua kuliko sote. Utafiti umetoboka kama chekecheo. Asali haoni. Aliyeshinda na kitunguu haisikii tena harufu yake.

Presha ya Shangazi imepanda kidogo. Asali aliinua kichwa, akauliza kulikoni. "Nimekuja mbio, binti yangu," alijibu (mara ya pili!), wakakubaliana apimwe tena wiki ijayo.

Sikusema neno. Sasa ninalo swali.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao cha mawasilisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, mbele ya idara nzima. Atakayeng'ara atakwenda kongamanoni na Profesa — nafasi ni moja. Nimeona ubaoni jina la Asali limeandikwa kwa penseli. Penseli hufutika.

Mwenzangu wa chumba ameniuliza kwa nini nisimwambie Asali leo, arekebishe mapema. Nimemjibu kwamba ukweli una wakati wake.

"Ukweli, au wewe?"

Akageukia ukutani akalala, mchana kweupe. Watu wengine hawana msimamo wowote maishani isipokuwa wa kulala.

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha mchana kwa Shangazi. Nilifungua kabati kutafuta vijiko. Nyuma ya chupa ya siki, vidonge vyake vya presha vya hospitali: pakiti nzima, haijaguswa.

"Shangazi, na hivi?"

"Nimeviweka kando. Daktari amesema."

"Daktari yupi?"

"Mwenzio, yupi tena? Siku ya makopo alitukusanya, akasema: katika kipindi hiki, dawa nyingine tuziweke kando kwanza. Nami nimeweka. Mimi si mbishi kama watu fulani."

Nilielewa papo hapo. Dawa nyingine! Asali alikusudia mizizi, magome, majani ya kuchemsha, chupa za jirani zisizo na lebo. Lakini kwetu dawa ni dawa: ya mzizi dawa, ya hospitali dawa, ya meno dawa, ya mende dawa! Neno moja limebeba dunia nzima, naye akalitupa hewani bila kulifunga kamba. Na lilipotoka kinywani mwa mtu anayeitwa daktari, nani angelihoji?

Kwa hiyo Shangazi anameza wanga. Wanga na imani, basi.

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. "Shangazi, sikiliza. Kisayansi —"

"Ameanza!" Alinyanyua mwiko kama anayeongoza kwaya. "Wewe mwanangu ukiniambia jambo ni hotuba, nabaki kutafuta pa kupiga makofi. Yule akiniambia ni neno. Ananitazama machoni, anangoja nimalize." Akanipakulia wali mwingine. "Na kichwa changu siku hizi chepesi! Hata jirani ameona."

Mwanangu. Si binti yangu. Nimeliona hilo.

Nikasema: "Basi fuata neno lake."

Maneno manne. Hotuba fupi kuliko zote nilizopata kutoa. Alifurahi, akanibusu utosini.

Jumanne, 12 Machi

Tuweke mambo wazi. Kosa ni la Asali. Kumwambia Shangazi pembeni ni kuokoa mmoja na kulificha kosa; kulisema mbele ya idara ni kuwaokoa wote. Na ni siku chache tu! Mtu aliyekula chumvi miaka yote haanguki kwa siku chache. Nani anasema ni wivu? Wivu ni wa wapenzi na wake wenza. Hili ni suala la kanuni.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Swali la kwanza: pua. Swali la pili: dawa. La pili ndilo rungu, naliweka akiba. Sauti ianzie chini. Mkono wa kulia ubaki mfukoni mpaka mwisho.

Alasiri nilimpigia Shangazi. Nilitaka kumwambia — ndiyo, nilitaka, liandikwe. Simu ikawa inatumika. Nikangoja. Bado inatumika. Hatimaye akapokea, bado anacheka: alikuwa akizungumza na Asali. Amealikwa Ijumaa. Atakaa safu ya mbele, kama mama wa bibi harusi.

"Ulikuwa unasemaje, mwanangu?"

"Nilikuwa nakusalimia tu."

Jumatano, 13 Machi

Sikwenda kupima. Nilituma ujumbe: tumbo. Asali akajibu: "Pole Kipaza. Kunywa maji mengi, hayo hayo uliyotupigania." Nilicheka. Nikajichukia kwa kucheka.

Jioni alikuja mwenyewe, na ndizi mbili na kipande cha tangawizi. Alivua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Akasema Shangazi hakutokea kupimwa. Amedai amechoka, kisogo kinamgonga.

"Kuna kitu nyumbani? Wewe ndiye unayemjua."

Wewe ndiye unayemjua. Kumbe analifahamu hilo! Alinitazama machoni. Akangoja. Ni kweli, anangoja. Hapepesi, haangalii simu, anakupa kimya chote unachohitaji. Ningeweza kumpenda mtu wa namna hii laiti asingekuwa yeye.

Nikasema sijui.

"Basi mapema wiki ijayo nitakwenda kumpima kwake." Akavaa viatu. "Na wewe pona. Kikao bila wewe kitakuwa kama mazishi."

Ndizi nimempa mwenzangu wa chumba. Tangawizi ipo dirishani. Inanuka chumba kizima.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepiga pasi shati jeupe. Sina la kuandika.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Asali yupo mwisho wa benchi hili hili. Kati yetu pana mkoba wa Shangazi.

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitapiga kelele.

Ukumbi ulijaa. Shangazi safu ya mbele, kitambaa cha kijani, mkoba magotini. Niliona anajisugua kisogo. Niliona! Asali aliwasilisha vizuri, taratibu, bila mbwembwe. Nikaona wivu — hapana, nikaona hasira. Profesa akauliza: nani ana swali? Idara nzima ikageuka kunitazama mimi.

Nilisimama. "Mtafiti mheshimiwa," nikasema, sauti chini, "nina swali moja dogo, nalo ni la pua. Je, katika wiki zote hizi, umewahi kumnusa mtu?"

Vicheko! Nikangoja vitue — nami najua kungoja, nikitaka. Nikaeleza mkanda, kuinama, pumzi, makopo ya siri yanayojitangaza yenyewe. Asali alifunika mdomo kwa kiganja, kisha akakinusa kiganja chenyewe, nikaona ameelewa. Profesa akavua miwani. "Hilo," akasema, "ni swali."

Hilo ni swali! Nimeishi mwaka mzima nikiyangoja maneno hayo. Yalidumu kama pumzi moja.

Nilikuwa natoa mkono mfukoni kwa ajili ya swali la pili. Shangazi akaniwahi. Alisimama kumtetea Asali.

"Jamani msimwonee binti yangu! Mimi mwenyewe ni shahidi, vidonge vyake vimenifaa. Zile dawa za hospitali nimeziacha kama alivyotuagiza, na mnaniona nime—"

Neno halikuisha. Mdomo ulikwenda upande. Alikaa chini kama mtu aliyekosea kiti, na mkoba ukamwagika: kanga ya akiba, funguo, kopo la vidonge. Likabingirika mpaka miguuni pangu.

Asali aliruka meza. Mimi nilisimama pale pale, mkono umetoka mfukoni, kama sanamu ya mtu mashuhuri.

Hapa hospitalini muuguzi, kwa sababu ya koti, alimwita Asali daktari. "Mimi ni mwanafunzi tu," alisema, akalivua, akalikunja, akalikalia. Leo ndipo anaposahihisha!

Kisha daktari, daktari wa kweli, akatoka akauliza: nani alijua kwamba mgonjwa ameacha dawa zake?

Nilisikia feni. Nilisikia toroli likipita korido ya pili. Sauti iliyotoa maji mabombani ilikuwa mahali fulani tumboni, chini ya jiwe.

"Sikujua," alisema Asali. "Lakini neno ni langu. Niliwaambia waache dawa nyingine. Nilikusudia mitishamba, sikusema mitishamba. Andika hivyo, daktari. Andika ni mimi." Alikuwa analia na hakupangusa. Kisha akaomba simu ya mtu, ya kwake imezima, awapigie wengine wote wenye makopo kabla jioni haijaingia. Nilimpa yangu. Ndicho kitu pekee nilichofanya.

Hata lawama amenitangulia! Ameichukua yote, bila hata kuuliza kama kuna mwenye sehemu yake, ameibeba, na inamkaa. Nami hapa ninamwonea — haya, liandikwe sasa, hakuna mwingine anayesoma — wivu. Namwonea wivu hata kwa kosa lake. Lake ni la neno lililoteleza. Langu lilipimwa, lilipigwa pasi, lilifanyiwa mazoezi mbele ya kioo.

Amerudisha simu. Wote wamepatikana. Mlinzi naye alikuwa ameacha dawa zake, amezirudia. Amesema "asante" na kukaa, karibu zaidi kuliko mwanzo.

Mlango umefunguka. Muuguzi anasema mgonjwa amezinduka, ulimi ni mzito, lakini kuna maneno anayoyarudia: anamtaka binti yake. Aingie mmoja tu.

"Binti yake ni yupi hapa?"

Asali hajainuka. Amenigeukia, ananitazama machoni. Muuguzi ameshika mlango kwa bega. Mimi nimeinamia karatasi, naandika, bado naandika.

Anangoja nimalize.