Mawe ya Bambu Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua mashuka ya mama mkwe tena. Kikohozi hakimwachi. Uji amekunywa kidogo, uliobaki akampa mwanangu Mave kwa siri, akidhani sioni. Mave ana miaka kumi na bado analala kitanda kimoja na koko wake. Ndivyo kwetu, mjukuu humpasha bibi yake joto. Kesho hospitali. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi
Saratani ya mapafu. Imeshaenea. Daktari aliuliza kama alikuwa akivuta tumbaku. Mama mkwe akakasirika, hajawahi hata kushika sigara. Tumepewa dawa za maumivu tu. Nililia chooni, nikanawa uso, nikatoka.
Daktari akauliza pia nyumba yetu imejengwa kwa vitu gani. Swali gani hilo?

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji anafundisha jiolojia hapa mjini. Nilipomweleza swali la daktari akaleta kifaa kidogo cha kupima hewa, akakiweka chumbani kwa mama mkwe.
Chini ya sakafu ile kuna mawe ya Bambu. Miaka mingi iliyopita, tulipokimbia vita kule Djugu, mume wangu, Baba Mave, aliyaleta mwenyewe kwa lori kutoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Bambu, amjengee mama yake chumba imara. Aliyasifia mno. Saruji ikawa haba, nyufa kila mahali. Dirisha tuliliziba kwa matofali kwa kuogopa risasi. Na tangu mama augue, mimi nasokomeza vitambaa chini ya mlango, baridi isimpate.

Alhamisi, 13 Machi
Kifaa kimesema vibaya. Gesi inaitwa radoni. Haina harufu wala rangi. Inatoka kwenye mawe, inapenya nyufa, inajaa chumba kisicho na hewa. Ukiivuta miaka na miaka, inaharibu mapafu. Shemeji haapi kwamba ndiyo iliyomtia mama ugonjwa. Moshi wa jiko nao upo. Lakini alisema mtoto asilale mle tena.
Tuliongea mlangoni pa chumba chake, tukijua mama mkwe amelala. Baba Mave alikwenda kukaa nje peke yake. Sikumfuata.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemtoa Mave, nikamtandikia sebuleni. Mama mkwe hajala kitu. Kufika bombani, jirani ananiuliza mbona tumemnyang'anya bibi mjukuu. Nikajua tumekwisha. Hapa mtoto hatolewi kitandani kwa bibi mgonjwa bure, na sababu wanayoijua watu ni moja: uchawi.
Baba Mave alinifokea: “Weye unataka watu waseme mama yangu iko mulozi?”
Hapana! Lakini nimweleze nani? Kitu kisichoonekana, kinaua ndani ya nyumba. Kwa masikio yao huo ndio uchawi wenyewe.
Mave amerudi kwa koko wake akilia. Nimeshindwa. Mungu wangu, nimeshindwa.

Jumamosi, 15 Machi
Baba Mave amebomoa matofali ya dirisha. Hewa inaingia. Shemeji anasema itapunguza, haitamaliza. Sakafu yote ing'olewe. Kumhamisha mama hatuwezi, tukimgusa tu anapiga kelele. Sakafu itang'olewaje akiwa juu yake? Mave hataki kunisikia. Namchukia kila aliyelibeba jiwe moja la Bambu, hata mume wangu.

Jumapili, 16 Machi
Akina mama wa kanisa walikuja kusali. Chumba kilijaa. Walipomaliza, mama mkwe akaomba tumwinue, akamnyooshea Mave kidole.
“Mutoe huyu mutoto. Anakojolea kitanda yangu kila siku. Simutaki tena hapa.”
Wanawake wakacheka. Mave akakimbia nje, amefunika uso.
Mave hajakojoa kitandani tangu akiwa mdogo sana. Mashuka nafua mimi. Nilimtazama mama mkwe, akanikazia macho mpaka nikainamisha kichwa. Siku ile ya mlangoni hakuwa amelala.

Ijumaa, 21 Machi
Mave analala nami. Jirani ananipa pole kwa mtoto kikojozi, hakuna anayeuliza lingine. Chumbani kwa koko wake haingii, hata salamu hampi. Amesema hampendi tena.
Leo, nikimwosha mama mkwe, nilimwambia nitamweleza mtoto ukweli. Alinishika mkono. Sikujua bado ana nguvu zile.
“Acha. Akijua, atarudi.”
Nikamalizia kumwosha miguu.