Viatu vya Karatasi vya Baba

Lukang, baada ya kufagia makaburi

Kaka Zhenhong,

Hatujambo, na duka bado liko wazi. Tangu sheria ya dunia ipige marufuku moshi, hatuuzi tena viatu vya karatasi vya kuwachomea marehemu. Sasa tunavitia mbegu, watu wanavifukia makaburini. Mama alinicheka: "Marehemu avae bustani?" Lakini vya Baba vimeota figili! Mama akapiga magoti, akayashika majani. "Miaka yote tumechoma bila kujua kama vinamfika. Leo mzee kajibu!" Nami najiuliza: kajibu, au kavirudisha?

Jana Mama alininyooshea mguu nimpimie vyake. Umevimba hadi gotini. "Vyangu vitie mchicha," akasema. "Kaka yako anaupenda."

Mdogo wako,
Suyin